Amonia ipo kiwandani, kwa nini jenereta isiinywe? Uchambuzi wa kisa kimoja cha Dar es Salaam

Kiwanda ni kidogo, kipo upande wa Temeke, kimezungukwa na nyumba za watu. Kinagandisha mabonge ya barafu kwa wachuuzi wa samaki wanaoshuka Feri alfajiri, na kwa wauza maji na juisi wa mitaa ya jirani. Jina la mwenye mali na la mtaa nimeyaacha. Niliitwa kutoa ushauri baada ya jaribio lililowafanya majirani wafunge madirisha, na mwenye kiwanda alikubali niandike ilimradi asitajwe.

Kilichomsukuma ni umeme. Ukikatika, kompresa inasimama, maji ya chumvi kwenye tangi yanaanza kupata joto, na mabonge yaliyoganda nusu hayauziki. Kwa dharura ana injini ya petroli ya silinda sita, iliyotolewa kwenye lori la zamani na kufungwa kwenye jenereta ya kilowati 40. Inazunguka mara 1,500 kwa dakika na kunywa takriban lita 16 kwa saa. Mzee huyu alikuwa amesikia kwamba nchi za nje zinaunda injini za meli za kuchoma amonia. Kompresa zake zinatumia amonia, gesi inayozunguka mabombani ili kugandisha barafu. Hesabu yake ikawa nyepesi: “Injinia, mimi nina mafuta ndani ya mabomba yangu, halafu natoa hela kununua petroli. Hiyo akili kweli?”

Swali ni zuri kuliko linavyosikika. Amonia inaungua kweli. Haina kaboni hata chembe, kwa hiyo haitoi kaboni dioksidi kwenye ekzosi. Kwa joto la Dar inakaa kimiminika kwa presha ya bari 12 hivi, ilhali haidrojeni, mafuta mengine yasiyo na kaboni, hata ukiibana kwa bari 700 bado ni gesi. Tena haigongi kwenye silinda, maana namba yake ya okteni, kipimo cha mafuta kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, inapita 110. Injini yenye mgandamizo mkubwa ingeipenda.

Fundi wake, kijana mwepesi wa mikono, hakungoja mjadala. Alichukua jenereta ndogo ya petroli, akafunga mbele ya kabureta kichanganyio cha gesi ya kupikia, kisha akavuta mpira kutoka kwenye mtungi wa amonia wa kujazia mfumo. Akawasha kwa petroli na kufungua amonia taratibu. Mlio ukabadilika, ukawa mzito kidogo, lakini injini ikaendelea. Wakashangilia. Akapunguza petroli, ikaendelea. Alipoifunga kabisa, injini ikakohoa na kuzimika, na kila walipojaribu kuiwasha kwa amonia tupu ilikataa. Muda wote huo ekzosi ilikuwa inatema harufu kali uani. Mama lishe wa ng'ambo ya ukuta akahamisha masufuria yake, watoto wakaanza kukohoa, na mwenye kiwanda akaamuru maji yamwagwe kila mahali. Hakuna aliyeumia. Kesho yake fundi akakuta viungio vya shaba alivyotumia vimeota rangi ya bluu iliyokolea kijani.

Hapo ndipo nilipoitwa. Waliniuliza jambo moja tu: kwa nini ilizimika, na wafunge nini ili isizimike tena.

Kuzimika kwenyewe kuna maelezo. Mchanganyiko wa petroli na hewa ukiwashwa katika hali ya kawaida, bila msukosuko, mwali hutembea kama sentimita 40 kwa sekunde. Wa amonia hutembea kama sentimita 7. Wa haidrojeni huzidi mita 2. Ndani ya silinda kuna msukosuko unaoukimbiza mwali mara nyingi zaidi ya hapo, lakini msukosuko unamsaidia kila mmoja, na amonia inaanza mbio ikiwa nyuma mno. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, mzunguko mzima wa shafti ni sekunde 0.04. Pistoni haimngojei mtu. Mwali wa amonia bado uko njiani, pistoni imeshashuka, joto limeshapungua, na valvu ya kutolea inafunguka huku sehemu ya mafuta haijaguswa. Jenereta ile ndogo huzunguka mara 3,000, kwa hiyo muda wenyewe ulikuwa nusu ya huo.

Fundi alidhani cheche ni dhaifu, akataka koili kubwa zaidi. Cheche inahusika, lakini si kwa namna aliyofikiri. Amonia inahitaji nishati ya kama milijuli 8 ili iwake, haidrojeni milijuli 0.02 tu. Koili ya kawaida hutoa milijuli 30 na zaidi, kwa hiyo moto unazaliwa. Shida ni kwamba unazaliwa mdogo, unapoozwa na kuta za silinda kabla haujakua. Ukiwahisha taimingi, cheche ipige digrii 40 au zaidi kabla pistoni haijafika juu, unaupa mwali muda. Ukiongeza mgandamizo unaupa joto. Injini ya lori la zamani ina mgandamizo wa 8 kwa 1 hivi, jambo ambalo kwa amonia ni kunyimwa chakula. Hata ukifanya yote hayo, kwenye mzigo mdogo na wakati wa kuwasha bado itasumbua.

Dawa inayojulikana ni kuichanganya na kitu kinachoungua haraka. Petroli ya fundi ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi hiyo bila yeye kujua. Mwaka 1943, Ubelgiji ilipokosa dizeli kwa sababu ya vita, mabasi yalitembea kwa amonia iliyochanganywa na gesi ya makaa ya mawe, na gesi hiyo karibu nusu yake ni haidrojeni. Watafiti wa Denmark waliochapisha kazi yao mwaka 2011 walipata matokeo bora kwenye injini ya plagi, yaani inayowashwa kwa cheche, kwa haidrojeni ya asilimia 10 ya ujazo wa mafuta. Wale wa Chuo Kikuu cha Pisa, waliotumia injini ya silinda mbili ya sentimita za ujazo 505, waliona mwaka 2013 kwamba haidrojeni ikitoa kama asilimia 7 ya nishati kwenye mzigo kamili, na 11 kwenye nusu mzigo, injini inatulia. Kwa hiyo haidrojeni kidogo tu inatosha. Lakini itoke wapi?

Mpwa wa mwenye kiwanda, aliyemaliza chuo, alikuwa na jibu tayari: tuyapasue maji kwa umeme wa jenereta yenyewe, tupate haidrojeni. Nilimwomba tukae tupige hesabu pamoja, naye akazipiga mwenyewe, kwa hiyo sina haja ya kumbebesha lawama. Jenereta ya kilowati 40 yenye ufanisi wa asilimia 28 inahitaji mafuta ya megajuli 514 kwa saa. Asilimia 10 ya hizo ni megajuli 51, yaani haidrojeni kilo 0.43 kwa saa. Kuipata kilo moja ya haidrojeni kutoka kwenye maji hula umeme wa kilowati-saa 50 na zaidi. Zidisha. Zaidi ya kilowati 21 kati ya 40 zingekuwa zinarudi kuilisha injini inayozizalisha. Na kama tungetaka injini ile iende kwa haidrojeni tupu, kilo 4.3 kwa saa, tungehitaji umeme wa zaidi ya kilowati 215 ili tupate 40. Vile vichupa vya kupasulia maji wanavyouziwa madereva kwa ahadi ya kupunguza mafuta vinaangukia kwenye hesabu hiihii, ila huwa haipigwi mbele ya mteja.

Kununua haidrojeni kwenye mitungi? Mtungi wa chuma wa lita 50 uliojazwa kwa bari 200 una kilo 0.7 hivi tu. Kwa haidrojeni tupu injini ingemaliza mitungi sita kwa saa. Kwa asilimia 10, mtungi ungedumu zaidi kidogo ya saa moja na nusu. Halafu haidrojeni ina tabia zake. Inashika moto ikiwa kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, haina harufu, na mwali wake mchana hauonekani. Ikiingizwa pamoja na hewa kabla ya silinda huchukua karibu asilimia 30 ya nafasi, kwa hiyo nguvu ya injini hupungua, na sehemu yoyote yenye joto kali, hata ncha ya plagi, inaweza kuiwasha kabla ya wakati, moto ukarudi kwenye njia ya hewa. Toyota waliikimbiza Corolla ya haidrojeni kwenye mashindano ya saa 24 ya Fuji mwaka 2021, kwa hiyo inawezekana. Inawezekana kwa sindano zinazopiga gesi moja kwa moja ndani ya silinda na kompyuta inayozisimamia, vitu ambavyo injini yetu ya kabureta haivijui.

Njia ya tatu ndiyo iliyonivutia, na nakiri niliifikiria zaidi ya malipo niliyokubaliana nayo. Amonia yenyewe ina haidrojeni asilimia 17.6 kwa uzito. Ipitishe kwenye bomba lenye kichocheo cha nikeli kwa joto la nyuzi 600 na kuendelea, inapasuka kuwa naitrojeni na haidrojeni. Kwa kilo 0.43 za haidrojeni tunahitaji kupasua kilo 2.4 za amonia kwa saa. Upasuaji wenyewe unakula joto la kama kilowati 2 tu, wakati ekzosi ya injini hii inatupa zaidi ya kilowati 40. Kwa wingi, joto lipo la kumwaga. Kinachokosekana ni ukali wake. Ekzosi hufikia nyuzi 600 injini ikiwa imebeba mzigo mzito. Kompresa ikipumzika, ekzosi inapoa, upasuaji unapungua, haidrojeni inapungua, na hapohapo ndipo injini inapoihitaji zaidi, kwa sababu kwenye mzigo mdogo amonia huwaka kwa shida zaidi. Na wakati wa kuwasha hakuna joto lolote. Utaanza na petroli au gesi, upende usipende.

Kuna zawadi moja ambayo wengi hawaitaji. Fundi aliona mtungi wake ukitoa jasho, kisha ukaota barafu nje. Amonia ikigeuka mvuke hunyonya joto, kilo moja kama megajuli 1.1, na ndiyo sababu iko kiwandani pale. Injini ikila kilo 28 kwa saa, kabla hazijaungua zinaweza kupoza kwa nguvu ya kilowati 8 na nusu. Ukizipitisha kwenye tangi la maji ya chumvi kwanza, unapata kilo 65 hivi za barafu kila saa bila kompresa kugusa kitu. Kwa kiwanda cha barafu, hiyo ni nyongeza ya haki. Mzee alipoisikia alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo, na ikanilazimu kuendelea haraka kabla hajatuma mtu kununua mabomba.

Maana hesabu iliyofuata ilikuwa ya akiba. Kilo moja ya amonia ina megajuli 18.6. Petroli ina 44 hivi. Mfumo wake mzima wa baridi umejazwa amonia kilo 400. Jenereta ingeimaliza ndani ya saa 14 na nusu. Angekuwa amewasha jenereta ili kuokoa barafu, na kufikia asubuhi hana tena cha kugandishia barafu. Tena amonia iliyozunguka kwenye kompresa hubeba mafuta ya kulainishia, na ile inayovujia ndani ya injini huchafua oili ya chini. Akinunua ya kuchoma, kanuni ni hii, kila msomaji aweke bei ya siku yake: kilo moja ya amonia inafanya kazi ya lita 0.57 za petroli, na kilo moja ya gesi asilia inafanya kazi ya kilo 2.6 za amonia. Kwa bei anayouziwa yeye kwa mitungi midogo, amonia ilishindwa hata kabla ya kufika kwenye gesi.

Na hiyo amonia inatengenezwa kwa nini? Kwa sehemu kubwa duniani, kwa gesi asilia. Gesi inatolewa haidrojeni, haidrojeni inaunganishwa na naitrojeni ya hewani kwa njia ya Haber na Bosch iliyoanza viwandani Ujerumani mwaka 1913, na hata kiwanda kizuri hutumia kama megajuli 28 kwa kila kilo itakayorudisha 18.6. Kisha inapanda meli kuja Dar, mji ambao gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Ubungo kwa bomba tangu 2004. Ni mtu wa Mafia kuagiza nazi Dubai. Ukihesabu na hewa chafu ya huko kiwandani, karibu tani 2 za kaboni dioksidi kwa tani moja ya amonia, saa moja ya jenereta hii kwa amonia ya aina hiyo inagharimu dunia zaidi ya kilo 50 za kaboni dioksidi. Kwa petroli ni kama 36. Kwa gesi asilia ni kama 29. Ekzosi ya amonia haina kaboni, lakini kaboni ilishatolewa nchi nyingine.

Amonia iliyotengenezwa kwa umeme wa maji au wa jua ingebadilisha mstari huo kabisa. Isingebadilisha ekzosi, na ekzosi ndiyo iliyonifanya nikatae bila kusitasita.

Kwenye majaribio ya injini za plagi, amonia isiyoungua inayotoka nje huhesabiwa kwa maelfu ya sehemu katika milioni. Kiwango kinachohesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni sehemu 300. Bila shaka moshi unachanganyika na hewa, na bomba refu husaidia. Lakini pale uani kuna ukuta wa tofali, upande wa pili kuna jiko la mama lishe, na hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima. Amonia inapenda maji kupita kiasi: jasho, machozi, koo. Mvuke wake wa kawaida ni mwepesi kuliko hewa na hupanda. Kimiminika kikivuja kwa ghafla, hutengeneza ukungu baridi unaotambaa chini na kufuata mtaro, na mitaro yetu inapita mbele ya milango. Kwenye mfumo wa baridi hatari hiyo ipo tayari, ila amonia ile imefungwa na inazunguka mlemle. Kuichoma ni kujenga njia ya kuitoa nje kilo 28 kila saa na kuomba silinda zisikose.

Kuna kifaa cha kusafishia. Oksidi za naitrojeni zinazotokana na joto la silinda zinaweza kukutana na amonia iliyobaki juu ya kichocheo, zikageuka naitrojeni na maji. Ni kemia ileile ya malori mapya ya dizeli yanayotumia urea. Shida ni kwamba zinapaswa kulingana, na injini ikiwaka vibaya amonia huzidi, ziada inapita. Kichocheo kikiwa baridi hakifanyi kazi, na jenereta ya dharura huwashwa ikiwa baridi kila mara. Pia kuna naitrasi oksidi, inayotokea kwa kiasi kidogo, lakini kilo yake moja inapasha dunia joto kama kilo 270 hivi za kaboni dioksidi. Sehemu ndogo tu ikitoroka inakula faida yote.

Suala la shaba lilinichukua dakika chache tu. Mabomba ya kiwanda ni ya chuma kwa sababu hiyohiyo. Amonia yenye unyevu inakula shaba nyekundu na ya manjano: jeti za kabureta, bushi, viungio, na zaidi ya yote nyaya za jenereta yenyewe, ambazo ndizo mali ghali kuliko zote pale. Fundi alikuwa ameshaiona rangi, hakuhitaji hotuba.

Uamuzi tuliofikia haukuwa wa kupendeza kwa yeyote. Injini ya lori ibadilishwe itumie gesi asilia, kama magari na bajaji za mjini zinavyofanya, na petroli ibaki akiba. Bomba la gesi halifiki mtaani kwake, kwa hiyo ni mitungi. Jenereta itakula kilo 10 na nusu kwa saa, yaani karibu mtungi mmoja mkubwa wa gari kila saa, na foleni za vituo vya gesi za Dar kila dereva wa bajaji anazijua. Kwa umeme uliokatika usiku kucha, gesi hiyo haitoshi bila kundi la mitungi na lori la kuileta. Mzee alilalamika, na alikuwa na haki.

Kilichomsaidia zaidi hakikuwa mafuta yoyote. Tangi lake la maji ya chumvi lilikuwa na vifuniko vya mbao vilivyooza, na kizio cha joto pembeni kilikuwa kimelowa maji miaka mingi. Tuliweka kizio kipya na vifuniko vinavyofunga vizuri, ikawa umeme ukikatika kwa muda mfupi kompresa inaweza kungoja bila mabonge kuharibika, na jenereta haiwashwi kabisa. Kazi hiyo fundi aliiona ya aibu kidogo, kwa sababu haina mlio.

Mpwa hajaacha. Amechora bomba lake la kupasulia amonia, linalozungukwa na ekzosi, na mchoro si mbaya. Nimemwambia mambo matatu: awashe kwa gesi asilia badala ya petroli, atafute injini ndogo yenye mgandamizo wa 12 na kuendelea, na jaribio la kwanza alifanyie kwenye maabara ya chuo yenye kivuta hewa na kipima amonia. Mjomba wake ameshaukata ule mpira na kuurudisha mtungi stoo.